Plake ya jua ya mama na historia ya bei ya umeme Goma

Ndugu wenzangu wa chama, mama anataka kuuza mbuzi watatu anunue plake ya jua, isaidie frigo anamouzia maziwa ya Masisi. Aliniuliza: "Weye uliyesoma, hiyo plake itarudisha feza?" Mimi ni mtu wa kilimo, lakini niliona jibu liko mu historia.

Miaka mingi Goma ilitegemea umeme wa Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu pale Bukavu. Ruzizi I ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na SNEL ikazaliwa 1970. Nyumba nyingi hazikuwa na mita, zililipa forfe, kiasi kimoja kila mwezi. Uwashe taa moja ao kumi, fakture ni ile ile. Basi plake haikupunguza hata franka moja. Aliyeinunua alikimbia giza la delestaji, hakukimbia bei.

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungulia kampuni za binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme. Matebe, kule Rutshuru, ikaanza 2015. Mwaka 2020 Nuru ikafungua mtambo wa jua wa megawati 1,3 pale Ndosho. Mita za kulipia mbele nazo zikaenea: unanunua umeme, ukiisha unazimika. Hapo njo hesabu iligeuka. Kila kilowati-saa inayotoka ku plake ni moja usiyonunua.

Tuchukue mfano. Plake ya wati 300, kwa masaa manne ya jua nzuri, inatoa kilowati-saa 1,2. Kama moja inauzwa senti 25 za dola, unaokoa senti 30 kwa siku, karibu dola 110 kwa mwaka. Kwa mtu wa forfe, plake ile ile inaokoa sifuri.

Lakini hizo dola 110 zinapatikana tu kama frigo inakula umeme ule ule muchana. Jua la ziada la saa sita kwetu halina mnunuzi. Ukitaka kulilala nalo mpaka usiku, unahitaji batri kubwa, na batri inazeeka mapema kuliko plake. Faida yote inaweza kuishia humo.

Tena kuna lile ambalo bei haipimi. Januari 2025, vita vilipoharibu laini, mji ulikosa umeme na maji. Siku zile, nani alihesabu senti?

Kwetu leo kuna mita. Nikamwambia mama: uza mbuzi wawili, nunua plake na batri ndogo, frigo ifanye baridi muchana, na usiku maziwa yabaki ndani bila kufungua-fungua. Yule wa tatu umuache. Kesho wakirudisha kiasi cha kila mwezi na kushusha bei ya kilowati-saa, plake itachelewa kurudisha feza, na mbuzi atakuwa amezaa.

Ninyi kwenu munalipa forfe ao mita? Tuhesabu pamoja.