Kuazima, kukopa na kurudisha: Upanga wa Kumasi ni wa nani?

Mwezi Mei 2024 mtangazaji mmoja wa redio alisema kwa furaha kwamba Uingereza "imerudisha" dhahabu na upanga wa Waasante wa Ghana. Siku mbili baadaye mwanafunzi wangu akaniletea ukurasa wa gazeti ambapo mwandishi alidai Uingereza "imeikopesha" Ghana vitu hivyo hivyo. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "kati ya hawa wawili, nani mkweli?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Vitu vile viliazimwa. Huenda msomaji akaona kwamba ninabishania vitenzi tu, kama ilivyo kawaida yetu walimu wa lugha. Hebu nivumilie, kwa maana ndani ya tofauti ya vitenzi hivi vitatu mna kesi nzima ya mali ya Afrika iliyoko ng'ambo.

Nianze na kukopa. Ukikopa debe la mahindi, utakachorudisha ni debe jingine la mahindi, si punje zile zile ulizokwisha kusaga na kula. Pesa vilevile. Noti niliyokukopesha haina haja ya kurudi, bora thamani yake irudi. Kuazima ni habari nyingine. Ukiazima jembe, au kanzu ya kuendea harusi, sharti kirudi kitu kile kile, na mpaka siku ya kurudi mwenyewe hajaacha kuwa mwenyewe. Ndiyo maana wahenga wakasema nguo ya kuazima haisitiri matako: umeivaa, lakini mwenyewe anaweza kuidai hata ukiwa katikati ya ngoma. Kamusi za zamani zinaongeza kwamba kukopa kuna maana ya pili, yaani kulaghai. Siku hizi maana hiyo haisikiki sana, ingawa wenye kudaiwa na kudai wanaielewa bila kamusi.

Kitenzi azima kina ujanja wake pia. Husemwa na pande zote mbili. "Niazime kisu chako" ni ombi kwa mwenye kisu; "nimeazima kisu kwa jirani" ni maelezo ya asiye nacho. Anayetoa anaazima na anayepokea anaazima. Kwa hivyo ukisikia tu kwamba Kumasi na London "zimeazimana upanga", bado hujaambiwa mwenye upanga ni nani. Hapo lugha imekuachia swali, na swali lenyewe ni zito.

Mwaka 1874 jeshi la Uingereza chini ya Garnet Wolseley liliingia Kumasi, likapora jumba la mfalme na kuuchoma mji. Sehemu ya dhahabu iliyochukuliwa ilifikishwa London na kuuzwa na sonara maarufu, Garrard, na miongoni mwa wanunuzi yalikuwa makumbusho ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert. Waingereza walirudi tena mwaka 1896, wakamkamata Asantehene Prempeh wa Kwanza, na hatimaye wakampeleka uhamishoni Ushelisheli. Huko kisiwani aliishi pamoja na wafalme wawili wa upande wetu huu, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Prempeh alirudi kwao mwaka 1924. Mwanga na Kabalega hawakufika makwao wakiwa hai.

Basi mwaka 2024, karne moja tangu Prempeh arudi na miaka 150 tangu vita vya Wolseley, Makumbusho ya Kasri la Manhyia mjini Kumasi yalifungua maonyesho ya vitu 32. Kumi na saba vilitoka Victoria and Albert na 15 vikatoka British Museum. Kimojawapo ni upanga wa kuapia uitwao Mpomponsuo, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 300. Ni upanga wa aina inayoshikwa mtu anapokula kiapo cha utii kwa Asantehene. Hebu fikiria. Chombo cha kuapia utii kinaletwa kwa mfalme kikiwa na hati inayosema kwamba mwenyewe yuko London na kwamba muda wa kukaa nacho ni miaka mitatu.

Sababu iliyotolewa ni sheria. British Museum inafungwa na sheria ya mwaka 1963, na Victoria and Albert inafungwa na ile ya mwaka 1983. Zote mbili zinawazuia wadhamini kutoa vitu vya hazina zao isipokuwa kwa masharti finyu mno. Nadhani sheria hizo zinasemwa ukweli. Lakini sheria si mvua, ati itanyesha ikitaka. Bunge lililoitunga linaweza kuitengua, na tuna mfano wa jirani yao wa ng'ambo ya mlango wa bahari.

Novemba 2019 Waziri Mkuu wa Ufaransa, Édouard Philippe, alikwenda Dakar akamkabidhi Rais Macky Sall upanga unaohusishwa na El Hadj Omar Tall, mwanachuoni na mpiganaji aliyeanzisha dola kubwa Afrika Magharibi na kufariki mwaka 1864. Upanga huo ulikuwa mali ya makumbusho ya jeshi mjini Paris. Siku hiyo picha zilipigwa, hotuba zikatolewa, na watu wengi wakaamini kwamba umerudi. Kumbe uliazimwa kwa miaka mitano, ukae katika Makumbusho ya Ustaarabu wa Watu Weusi. Ilibidi bunge la Ufaransa lipitishe sheria mahususi, ya tarehe 24 Desemba 2020, ndipo kitenzi kikabadilika. Sheria hiyo hiyo iliruhusu vitu 26 vya kifalme virudi Benin. Upanga haukusogezwa hata hatua moja. Ulikuwa pale pale Dakar, katika kabati lile lile la kioo. Lililobadilika ni neno, na pamoja na neno, mwenyewe.

Upanga huo una jambo jingine linalonifurahisha. Mpini wake umechongwa mfano wa mdomo wa ndege, lakini bapa lake lilifuliwa Klingenthal, Alsace, huko huko Ufaransa. Kwa hiyo mtu angeweza kudai kwamba chuma kilirudi kwao! Sijamsikia Mfaransa aliyethubutu kusema hivyo, na ni vyema. Alikofuliwa mtu si hoja, wala upanga. Hata sisi Waswahili tukifungua ghala letu la silaha tutakuta bunduki, risasi, baruti na jambia vimetoka kwa Waarabu na jirani zao, na chapeo ya vita imetoka kwa Wareno waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Wanaisimu huyaita maneno hayo maneno mkopo, jina ambalo sijawahi kulipenda. Mwarabu hakubaki bila risasi kwa sababu sisi tuna risasi, na hakuna atakayekuja kuidai. Upanga haugawiki hivyo. Ukiwa London hauko Kumasi.

Nije sasa kwa wakusanyaji. Katika maonyesho mengi ya silaha za kale duniani, sehemu ya vitu huwa si ya makumbusho yenyewe. Huazimwa kwa watu binafsi walionunua minadani au waliorithi kutoka kwa babu aliyekuwa afisa wa jeshi katika makoloni. Utaratibu wake unajulikana. Hali ya kitu inaandikwa kwa makini kabla ya kusafirishwa, kila ufa na kila doa la kutu, bima inakatwa, muda unawekwa, kisha kando ya mkuki au ngao kinabandikwa kikaratasi. Kwa Kiswahili tumezoea kuandika "kwa hisani ya" halafu jina la mwenye kitu, au kama hataki kujulikana, "mkusanyaji binafsi".

Hisani! Ni neno zuri, la wema na ukarimu. Hata hivyo, aliyeazima naye hutoka na kitu. Ngao iliyoonyeshwa katika makumbusho yenye jina hupanda bei siku inaporudi mnadani, kwa sababu sasa ina historia iliyoandikwa kwenye katalogi. Na neno "mkusanyaji" lenyewe linaficha mengi. Kukusanya ni kazi ya amani. Tunakusanya kuni, tunakusanya kodi (haya, hiyo si ya amani sana). Kwa kitu kilichochukuliwa vitani Kiswahili kina maneno yake, hayakosekani: nyara, ngawira. Wengi wetu tumebaki na nyara katika "kuteka nyara" tu, tukasahau kwamba maana yake ni mali ya adui iliyotwaliwa kwa nguvu. Sijawahi kuona kikaratasi cha makumbusho kilichoandikwa "nyara, kwa hisani ya fulani". Kingekuwa cha kweli zaidi.

Lakini nisiwaonee wakusanyaji binafsi. Mikono yao haijafungwa na sheria ya mwaka 1963 wala ya 1983. Anayetaka kurudisha anarudisha. Hapa kwetu tunao ushahidi. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi aliyeongoza upinzani wa miaka mingi dhidi ya Waingereza na reli yao, aliuawa katika mkutano uliosemekana kuwa wa kutafuta amani. Aliyehusika alikuwa Kapteni Richard Meinertzhagen, ambaye alidai kwamba alikuwa akijihami. Alitwaa marungu ya uongozi ya Koitalel, akaenda nayo kwao. Miaka 101 ikapita. Mwaka 2006 marungu matatu yalirudi kwa Wanandi kutoka kwa familia yake huko Uingereza. Bunge halikuketi, wala hapakuwa na muda wa miaka mitatu. Yaliyokuwa nyumbani kwa mtu binafsi yalirudi kabla ya yaliyo mikononi mwa taifa. Wanandi wangali wanauliza kichwa cha Koitalel kiko wapi, na hilo ni deni jingine.

Hali ya upande wa pili tuliiona Nairobi mwaka 2021. Makumbusho ya Kitaifa yaliandaa maonyesho yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko nje ya nchi. Orodha hiyo ilipata vitu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 za ng'ambo. Na wageni waliofika waliona nini? Makabati matupu ya vioo. Waandalizi waliamua kuonyesha ukosefu wenyewe. Baadaye maonyesho hayo yalikwenda Köln na Frankfurt, Ujerumani, yaani Mkenya alionyeshwa utupu, naye Mjerumani akaonyeshwa mahali utupu huo ulikotoka. Naona ule ulikuwa uamuzi wa heshima kuliko kusimama mlangoni ukiomba uazimwe kilicho chako.

Kuna kisa cha zamani ambacho wanafunzi wa madrasa wa pwani hii hukisikia wanapofika mlango wa kuazimana katika fikihi. Kabla ya vita vya Hunayn, mwaka 630, Mtume Muhammad alimwomba Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, ampe deraya za vita. Safwan aliuliza swali moja tu: je, huku ni kunighasibu? Akajibiwa kwamba la, ni ariya, yaani kitu cha kuazimwa, tena chenye dhamana ya kurudishwa. Zilipopotea baadhi ya deraya baada ya vita, alitakiwa alipwe. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, walijenga juu ya kisa hicho kanuni kwamba mwenye kuazima anadhaminika kwa kile alichoazima.

Tazama swali la Safwan linavyofanya kazi. Mshindi alikuwa na jeshi, na Makka ilikuwa imeshatekwa, lakini kabla ya kutoa hata deraya moja mwenye mali alitaka kitenzi kitajwe. Ghasibu au azima? Kwa mujibu wa fikihi hiyo, kilichoghasibiwa hakimfanyi aliyekighasibu kuwa mwenyewe hata kikikaa kwake miaka mingapi, na asiye mwenyewe wala asiye na idhini ya mwenyewe hana mamlaka ya kukiazima kwa mwingine. Tukiupeleka upanga wa Mpomponsuo mbele ya kadhi wa kanuni hiyo, nadhani angetaka kwanza kusikia habari za mwaka 1874 kabla hajaifungua hati ya miaka mitatu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wahariri na watangazaji ni dogo. Kitu kikija kwa muda na kwa masharti, semeni kimeazimwa, na mtaje muda. Kikija moja kwa moja, kama vile vitu saba vya Waasante vilivyotolewa bila masharti na Makumbusho ya Fowler ya Los Angeles mnamo Februari 2024, hapo ndipo mseme kimerudishwa. Kukopesha waachieni wenye benki. Na mnapotafsiri vikaratasi vya makumbusho, pale penye tarehe ya vita, msiogope neno nyara.

Hati ya Kumasi ilitiwa sahihi kwa miaka mitatu, na inaweza kuongezwa mitatu mingine. Hesabu yake inaangukia 2027, au ikizidi sana, 2030.