Koti la Kutokea, Koti la Kushindia

Kiswahili huzigawa nguo kwa kazi zake: za kushindia na za kutokea. Za kushindia zimezoea jasho, mafuta ya kupikia na mtoto wa kubeba. Za kutokea hungoja arusi au Idi. Koti la manyoya bandia, lile linalomvimbisha mtu mabega na kugeuza shingo za wapita njia, karibu kila mtu huliweka upande wa kutokea. Mimi nashikilia kwamba katika jiji la theluji kama Montreal, ambako Wakongo na Warundi wetu wanapanda basi alfajiri ya Januari, koti hili linafaa kabisa kuwa la kushindia. Lakini kwanza tulijue kwa majina yake.

Tuanze na manyoya. Neno hili kwetu ni pana: kuku ana manyoya, paka ana manyoya, na ya kondoo huitwa sufu. Mtu ana nywele kichwani na malaika mikononi. Hayo malaika yanatufaa sana hapa. Montreal ilinawiri kwa biashara ya ngozi za biva, mnyama wa mtoni anayeangusha miti kwa meno, na ngozi ya biva ina tabaka mbili: juu manyoya marefu yanayokung'uta maji, chini malaika mafupi, mazito, yanayoshika joto. Watengenezaji wa manyoya bandia waliiga tabaka hizo zote mbili. Huchanganya nyuzi za kawaida na nyuzi zinazosinyaa zikipata joto. Kitambaa kikipitishwa kwenye joto, hizi za pili hufupika na kuwa malaika, zile nyingine hubaki zimesimama juu yake. Koti la bei ya chini mara nyingi lina urefu mmoja tu wa nyuzi, ndiyo maana hulala mapema na kuonekana kama zulia lililokanyagwa.

Neno bandia ndilo lenye mvutano. Noti bandia na dawa bandia zinampeleka mtu jela. Meno bandia na mguu bandia vinamrudisha mtu mezani na barabarani. Kwa sababu hiyo wapo wanaolikwepa neno hili, kama wale walioiacha akili bandia wakachagua akili unde au akili mnemba. Sioni haja ya kukimbia. Katika Kiswahili cha zamani, mtoto wa bandia ni mwanasesere, na mwanasesere hamdanganyi mtoto anayemlaza na kumwimbia. Bandia ni kitu kinachosimama mahali pa kingine. Udanganyifu unakuja pale muuzaji anaponyamaza, na hapo tuna neno jingine kali zaidi: feki.

Tofauti hiyo si ya makamusi tu. Mwaka 2013 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi ilizibana kampuni tatu zilizouza manyoya ya wanyama halisi huku zikiyatangaza kuwa bandia. Mnunuzi aliyemhurumia mnyama akauziwa mnyama. Hayo yalikuwa manyoya halisi, na biashara yenyewe ilikuwa feki. Ukitaka kujihakikishia, yatawanye manyoya kwa vidole viwili mpaka ufike chini: ukiona ngozi, aliishi; ukiona matundu madogo ya ufumaji, ni kitambaa. Kisha tazama ncha. Za mnyama huchongoka zenyewe. Za kiwandani aghalabu zimekatwa butu, ingawa siku hizi mafundi wamejua kuzichonga.

Nyuzi zenyewe dada zetu wa saluni wanazijua vizuri. Kanekalon, ambayo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuitengeneza mwaka 1957, husukwa rasta, na nyuzi za ukoo huohuo hufumwa makoti. Kila aliyewahi kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zitulie anajua joto linafanya nini. Basi koti lililolowa theluji likung'utwe, litundikwe mbali na hita ya ukutani, likauke taratibu, halafu lichanwe kwa kitana cha meno mapana. Pasi isilisogelee.

Katika kulivaa, naomba tufufue neno kabuti. Wengi wetu tunalikumbuka kama koti zito la askari wa zamu ya usiku, vazi la kazi lisilojisifu. Ukilivaa koti la manyoya kama joho, wazi mbele, juu ya gauni linalong'aa, umelirudisha arusini. Livae kama kabuti: jinzi nyembamba au suruali nyeusi iliyonyooka, sweta isiyo nene, buti zenye soli ya meno, skafu ikae ndani ya ukosi isigombane na manyoya kwa nje. Kitu kimoja tu ndicho kivimbe, vingine vinywee. Urefu uishie juu ya goti, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hupanda kwenye pindo na kuacha madoa meupe. Begi libebwe mkononi, au mgongoni kwa siku chache tu. Mkanda wa begani husugua palepale kila siku mpaka manyoya yanasokotana, na hapo hakuna kitana kinachosaidia.

Rangi sina ugomvi nayo, ila ya kahawia iliyochanganyika huficha mengi.

Kinachoniuma ni kwamba watu hununua kwa kupapasa nje. Kitambaa cha ufumaji hupitisha upepo, hata manyoya yawe marefu vipi. Kinachozuia upepo ni bitana. Dukani, ligeuze koti ndani nje: bitana iwe ya kitambaa kilichobana, ifike hadi kwenye mikono, na mbele pawe na zipu au vifungo, kwa kuwa kulabu tatu huacha nafasi za kupitisha baridi kifuani. Kama bitana ni nyepesi lakini manyoya ni mazuri, nunua, umpelekee fundi cherehani abadilishe. Mwambie neno lenyewe, bitana, naye atakuuliza unataka ya satini au ya pamba iliyojazwa. Mjibu ya kujazwa.