Daftari la Mvua Lililo Chini ya Matope

MTANGAZAJI: Hapa Niboye, Kigali, mvua ikichelewa utasikia, "Hali ya hewa imebadilika." Mwingine atajibu, "Hata zamani jua lilikuwa kali." Ushahidi uko wapi?

Vipimo vya mvua nchini Rwanda vina pengo. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, vituo vingi viliharibiwa au vikabaki bila wapimaji. Karibu miaka 15 ikapita bila vipimo vya kutosha. Wewe uliyekimbia bila cheti wala picha unajua maana ya kumbukumbu kukatika.

Lakini matope hayakukatika. Chavua, ule unga wa maua, huangukia kinamasi na kufukiwa, tabaka juu ya tabaka. Huko Burundi, watafiti walichimba kinamasi cha Kashiru, wakasoma miaka 40,000. Waliona kipindi kirefu cha baridi: misitu ilipungua, nyasi zikaenea. Joto lilikuwa chini ya la leo kwa nyuzi kama 4.

Ni kweli basi, hali ya hewa ilibadilika hata zamani. Ila joto hilo lilipanda polepole, kwa maelfu ya miaka. Sasa dunia imeongezeka zaidi ya nyuzi 1 kwa miaka 150 hivi.

Kwa hiyo msimu mmoja mzuri usikufanye uache kupanda miti wala kuzibua mitaro. Waulize wazee wa kambi: kwao mvua za Septemba zilianza lini? Za mwaka huu, andika tarehe.