Mwendo wa Seli na Wale Walioutazama

Mwili wa binadamu, hata mwenyewe awapo usingizini, hautulii dakika moja. Maana ndani yake mna seli zisizo na idadi ziendazo huku na huko, nyingine zikitoka katika mishipa ya damu kuelekea kwenye jeraha, nyingine zikijongea kuziba ngozi iliyochanika, na katika tumbo la mama, kabla mtoto hajapata sura, seli zihamazo kutoka mgongoni mwa kiinitete ndizo zifanyazo sehemu ya mifupa ya uso, rangi ya ngozi na neva za matumbo. Leo jambo hili hutajwa katika vitabu vya shule kwa sentensi mbili tatu, walakini kulijua kulichukua zaidi ya karne moja, na wengi wa waliolijua hawakuwa na chombo kikubwa kuliko hadubini.

Mwaka 1846 tabibu Mwingereza, Augustus Waller, aliuweka ulimi wa chura aliye hai chini ya hadubini, akaona chembe nyeupe za damu zikipenya ukuta wa mshipa mdogo na kutoka nje, hali ukuta wenyewe haukupasuka. Habari yake haikushughulikiwa sana, mpaka 1867 Julius Cohnheim, huko Berlin, alipoutandaza utando wa matumbo ya chura, akakaa akiutazama saa baada ya saa huku ukivimba. Kwanza mishipa ilitanuka. Kisha mkondo wa damu ukapungua kasi. Kisha chembe nyeupe zilizokuwa zikichukuliwa na mkondo huo zikaanza kunata kwenye ukuta wa ndani, zikajipanga safu. Halafu upande wa nje wa mshipa kikachomoza kijinundu, kikakua kidogo kidogo, kikawa chembe nzima iliyojinasua ukutani ikashika njia yake. Kumbe basi chembe za usaha, ambazo matabibu wengi walidhani huzaliwa papo hapo kidondani, hutoka damuni kwa mwendo wake zenyewe.

Mwishoni mwa 1882 Mrusi Élie Metchnikoff, aliyekuwa amejiuzulu ualimu katika chuo kikuu cha Odessa, alikuwa akikaa na jamaa zake mjini Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa walipokwenda kwenye sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo, yeye alibaki faraghani akichunguza mabuu ya kiti cha pweza, ambayo miili yake ni myangavu hata kila kilichomo huonekana, na ikampitia fikra kwamba seli zile zitembeazo ndani yake pengine ndizo zilindazo mwili. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaidunga chini ya ngozi ya mabuu, na usiku ule hakupata usingizi. Kulipopambazuka aliikuta miiba imezingirwa na seli tele, nazo zimefika hapo bila kuchukuliwa na mkondo wowote wa damu, maana buu hilo halina mishipa. Zama zile matabibu wengi waliitakidi kinyume chake, kwamba chembe nyeupe huvieneza vijidudu mwilini, na mabishano yaliendelea miaka mingi kabla Metchnikoff hajapewa tuzo ya Nobel, 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Lakini ni nani aziitaye seli? Wilhelm Pfeffer, 1884, alionyesha kwamba mbegu za kiume za kangaga huifuata asidi ya maliki, ile iliyomo katika tufaha. Na 1888 Theodor Leber akaona chembe nyeupe zikivutwa vivyo hivyo na kemikali kwenye jicho lililodhurika. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba seli huonja maji yaliyoizunguka na kuelekea pale kitu fulani kizidipo.

Kuzuiwa kwa seli kulichelewa kufahamika kuliko kuitwa kwake, nami naona hapo ndipo penye uzito. Michael Abercrombie na Joan Heaysman, huko London, walichukua vipande viwili vya moyo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa, wakaviweka karibu karibu juu ya kioo, wakazipiga picha za sinema seli zilizotambaa kutoka humo. Seli ya huku ilipogusana na seli ya kule, ukingo wake wa mbele, uliokuwa ukipepea, ulinyamaa. Ikasimama, kisha ikatoa ukingo upande mwingine ikaelekea huko. Habari hiyo waliitangaza 1953 na 1954. Miaka michache baadaye walizikabilisha seli za saratani ya panya na seli nzima, na zile za saratani hazikusimama, bali ziliingia katika eneo la wenzake kana kwamba halina mtu.

Mitambo ya ndani ilifahamika baadaye. Protini iitwayo aktini, aliyoigundua Brunó Straub katika msuli mjini Szeged, Hungaria, 1942, ndiyo ijengayo nyuzi zisukumazo ukingo wa mbele. Protini nyingine, ziitwazo integrini, hushika ardhi iliyo chini ya seli. Na sehemu ya nyuma hujikunyata ikafuata. Mwaka 1992 Anne Ridley na Alan Hall walibainisha kwamba protini ndogo mbili, Rac na Rho, ndizo zitoazo amri: ya kwanza huufanya ukingo upepee, ya pili hukaza nyuzi na mashiko. Kwa tadbiri hiyo chembe nyeupe huenda takriban mikroni 10 kwa dakika, zaidi kidogo ya nusu milimita kwa saa. Wako watoto wachache wazaliwao chembe zao nyeupe zikiwa hazina integrini zipasazo: damu yao imejaa chembe hizo, ila haziwezi kushika ukuta wa mshipa na kutoka, kitovu hukawia kudondoka, na vidonda vyao huoza pasipo usaha.

Abercrombie alifariki 1979, hakupata Nobel. Kwa hukumu yangu anastahili kusimama bega kwa bega na Metchnikoff, kwa kuwa wengi wauawao na saratani huuawa na seli zilizohama mahali pake, na yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba seli nzima hujua kusimama.