Mpira na plastiki: Kwa nini muda wa kuchanganya huamua uimara?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, sawa na katika mji wa Mbarara, tairi kuukuu na dumu lililopasuka bado vina thamani. Tairi hukatwa likawa viatu, ambavyo Uganda huitwa lugabire, Kenya akala na Tanzania katambuga. Dumu nalo huweza kusagwa na kuyeyushwa upya. Je, viwili hivyo vinaweza kuunganishwa vikatoa kitu kimoja imara?

Vinaweza, lakini muda wa kuvichanganya ni jambo la kuangaliwa kwa makini.

Kwa nini ni vigumu?

Plastiki ya madumu, yaani polithilini, huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 130 za Selsiasi. Mpira wa tairi hauyeyuki, kwa kuwa molekuli zake zimefungamanishwa kwa salfa, mbinu ambayo Mmarekani Charles Goodyear aliipatia hataza mwaka 1844. Kwa hiyo tairi husagwa, kisha unga wake huchanganywa ndani ya plastiki iliyoyeyuka.

Muda ukipungua

Unga hubaki mabonge. Kila bonge ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na soli hukatika hapo hapo inapokunjwa.

Muda ukitosha

Unga husambaa sawasawa. Nguvu inayohitajika kuzungusha mashine hupungua, kisha hutulia. Utulivu huo ni dalili kwamba mchanganyiko umelingana.

Muda ukizidi

Joto, msuguano na oksijeni huharibu minyororo mirefu ya molekuli: mingine hukatika, mingine hushikamana ovyo. Bidhaa hupoteza unyumbufu na kuvunjika upesi.

Ni dakika ngapi basi?

Hakuna idadi moja. Joto, kasi ya mashine na ukubwa wa chembe hubadilisha hesabu. Joto likipanda, uharibifu huja mapema. Njia salama ni kuandika muda na joto la kila mkupuo, kisha kukunja na kuvuta kipande cha majaribio.

Hata hivyo, muda pekee hautoshi. Unga wa tairi haushikani vyema na plastiki, hivyo ukizidi, bidhaa hudhoofika hata ikichanganywa kwa ustadi. Wala moto wa wazi si mbadala wa mashine: joto lake halidhibitiki, na moshi wa tairi ni sumu.

Kwa anayetembea mwendo mrefu kutafuta maji au kuni, soli iliyotolewa mapema au iliyoungua kupita kiasi ina maana moja: kumalizia safari pekupeku.