Mkamba sugu: Kikohozi kinachosingiziwa baridi

SOSIOT, katika eneo la Belgut, Kaunti ya Kericho, ni mahali pa mvua nyingi na baridi kali ya asubuhi. Kwa hivyo mkazi anapokohoa miezi nenda miezi rudi, lawama hutupiwa hali ya anga. Baridi huweza kuzidisha kikohozi cha namna hiyo, lakini mara nyingi chanzo chake kimo jikoni au mkononi mwa mvuta sigara.

Mkamba sugu ni uvimbe wa kudumu wa vijia vinavyopitisha hewa mapafuni. Vijia hivyo huwa vyembamba na kutoa makohozi kupita kiasi. Madaktari huuthibitisha pale mtu anapokohoa makohozi kwa muda usiopungua miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo, bila maradhi mengine kuwa chanzo. Mkamba wa kawaida, ambao aghalabu huletwa na virusi, huisha baada ya majuma machache.

Chanzo

Tumbaku ndiyo inayoongoza. Hata hivyo, mama ambaye hajawahi kugusa sigara huweza kuugua kwa kupika miaka mingi kwa kuni katika jiko lisilo na madirisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Vumbi la kazini nalo huharibu mapafu.

Dalili

Mgonjwa hukohoa zaidi asubuhi, hukoroma kifuani na kuishiwa pumzi. Mkulima aliyekuwa akipanda mlima na kapu la majani chai bila taabu hujikuta akipumzika kila hatua chache. Wengi hudhani ni uzee.

Dalili hizi hufanana na za kifua kikuu na pumu. Yeyote anayekohoa zaidi ya majuma mawili anapaswa kupimwa makohozi. Uchunguzi wa kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Kipimo cha nguvu za pumzi huonyesha kama vijia vimeziba.

Matibabu

Madhara yaliyokwishafika mapafuni hayafutiki kabisa, ila yanaweza kuzuiwa yasiendelee. Hatua ya kwanza ni kuacha sigara na kupunguza moshi: kutumia kuni kavu, kupanua madirisha, kujenga jiko lenye dohani, au kuhamia gesi kwa anayeweza. Watoto wasikae karibu na moto.

Daktari huweza kuagiza dawa ya kuvuta kwa mdomo ili kupanua vijia. Kununua viuavijasumu dukani kila kikohozi kinapozidi ni kupoteza fedha na kuvipa vijidudu usugu. Dawa hizo hufaa pale tu daktari anapoona dalili za bakteria. Chanjo za homa ya mafua na nimonia husaidia.

Nyumbani, mgonjwa atembee kidogo kila siku. Akiishiwa pumzi, avute hewa kwa pua, kisha aitoe polepole kupitia midomo iliyobanwa kama anayepuliza.

Mgonjwa akimbizwe hospitalini akishindwa kupumua hata akiwa ameketi, midomo ikibadilika kuwa ya samawati, akichanganyikiwa au akitema damu. Miguu ikivimba, amwone daktari bila kukawia, kwani huenda moyo umeanza kulemewa.