Fishi ya Mhusika na Jina la Kambale: Historia Fupi ya Programu Zinazojenga Mtu

Ndugu wahitimu na wanafunzi, leo tuongee juu ya mchezo ambao wengi wetu hapa Butembo na Beni hatujawahi kuuona mezani. Musiseme ni mambo ya wazungu, mukapita. Historia yake inagusa kadi ya mpiga kura, fishi ya hospitali, na kazi ambayo wengi wenu muliosoma informatiki muko munatafuta.

Mwaka 1974, kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa pamoja, mmoja anasimulia na kuamua, wengine kila mmoja anaigiza mtu wake. Mtu huyo anaishi kwenye karatasi: nguvu, akili, wepesi, silaha anazobeba. Sifa za msingi ni 6, na kila moja inapatikana kwa kurusha dadu 3. Karatasi hiyo tuiite fishi ya mhusika. Fishi ikisema huwezi, basi huwezi.

Mwanzoni kulikuwa makundi 3 tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Wachezaji hawakukawia kuuliza: na mwenye kupigana huku anajua kuiba? Mwaka 1978 mchezo wa RuneQuest ukaacha makundi, ukahesabu ufundi wa kila mtu. Mwaka 1986 GURPS ya Steve Jackson ikaja na dawa nyingine: mchezaji anapewa pointi, ananunua uwezo anaotaka, na akikubali udhaifu fulani anarudishiwa pointi. Uhuru uliongezeka, lakini hesabu nazo ziliongezeka. Kujenga mtu mmoja kunaweza kula jioni nzima. Ndiyo sababu watu wakakimbilia kompyuta.

Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa toleo la tatu la Dungeons & Dragons, na ikaruhusu sehemu kubwa ya sheria zake itumiwe na wengine kwa leseni ya wazi. Mwaka huohuo wapenzi wa mchezo walianzisha PCGen, programu huria iliyoandikwa kwa Java. Hapa ndipo pa kusoma polepole.

Mwenye kuandika programu ya aina hii yuko na njia mbili. Ya kwanza, anaingiza kila sheria ndani ya programu yenyewe: kama ni mpiganaji, ongeza 1, kama ni mchawi, kataza ngao. Inaenda haraka, lakini kitabu kipya cha sheria kikitoka, lazima afungue programu na kuikarabati upya. Njia ya pili ndiyo PCGen ilichagua: sheria ziko nje, kwenye faili za maandishi ya kawaida. Programu inajua tu kusoma: nini ni nyongeza, nini ni sharti, nini kinafuta nini. Mchezaji asiye fundi wa programu anaweza kufungua faili, akaongeza kundi jipya, na kazi ikaendelea.

Lakini unyumbufu hauji bure. Ile lugha ya faili ilikua na kukua, maneno yake yakawa mengi, mpaka kuijifunza ikawa kazi yenyewe. Kila utakaloruhusu, kuna mtu atakayelazimika kulielewa.

Kuna pia swali la nani anashika fishi. Mwaka 2010, kwa toleo la nne, kampuni iliacha kuendeleza programu ya kusakinishwa, ikahamia mtandaoni, kwa malipo ya kila mwezi. Tarehe 1 Januari 2020 huduma hiyo ikafungwa. Mwaka 2024, D&D Beyond, huduma iliyoanza 2017, ilitangaza kwamba sheria mpya zitachukua nafasi ya zile za zamani ndani ya fishi ambazo watu walikuwa wameshajenga. Wachezaji walipiga kelele, na kampuni ikarudi nyuma. Wale walikuwa wanagombania wachawi wa kubuni. Sasa waza kama ni fishi yako wewe.

Turudi kwetu. Wanande tuko na mfumo wa majina wenye sheria zake. Masika ni binti wa kwanza. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Kisha kuna sheria za pembeni: Muhindo anatangaza kwamba jinsia imegeuka katika uzao, na mapacha wako na majina yao. Ng'ambo ya Ruwenzori, Wakonzo wa Uganda wanasema Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Ni sheria pamoja na vighairi vyake, na mabibi zetu waliziendesha bila karatasi.

Halafu ikaja fishi ya serikali. Mwaka 1972 Mobutu aliacha jina lake la Joseph-Désiré, na majina ya ubatizo yakakatazwa kwa jina la otentisite. Jina la nyuma likachukua nafasi. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi. Visanduku vitatu tunavyojaza leo, jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, vimebeba siasa yote hiyo. Mtu aliyebatizwa kabla ya 1972 anaweza kuwa na karatasi mbili zisizofanana, na wote wawili ni yeye.

Sasa chukua programu iliyotengenezwa mbali, yenye visanduku viwili: jina la mtu na jina la familia. Ukiandika Kambale kama familia, kompyuta itawafanya Makambale wote ndugu, na itamtenga Kambale na Kasereka waliotoka tumbo moja. Kwenye mchezo, hiyo ni kicheko. Kwenye kituo cha afya, kuchanganya Makambale wawili ni dawa ya mmoja kuandikwa kwa mwingine. Kwenye orodha ya waliokimbia vita, ni familia moja kupata mara mbili na nyingine kurudi mikono mitupu.

Kwa hiyo fundi wa kwetu afanye nini? Kila mtu apewe namba isiyotegemea jina. Majina yawe mengi kadiri mtu anavyoyabeba, kila moja na maelezo yake: la uzao, la ukoo, la ubatizo. Sheria zikae kwenye faili ambayo sekretere wa shule anaweza kurekebisha bila kungoja Kinshasa. Programu ifanye kazi hata mtandao ukikatika, na fishi iweze kutolewa na mwenyewe. Na mipaka iwepo, sawa vile pointi za GURPS: ukiacha kila mtu aandike anavyotaka, kesho huwezi kuhesabu hata darasa moja.

Wenye kusoma informatiki, swali ni lenu: fishi munayoiandika kwa ajili ya memwari yenu, Muhindo ataingia kwenye kisanduku gani? Jibuni hapa chini, na wakubwa wanaojua majina ya mapacha watusahihishe.